Mkunga Alipwe kwa Kipi?

Kwenye utumishi wa umma, mkunga anayekesha leba na mwenzake anayefunga mlango saa tisa na nusu alasiri hupokea mshahara mmoja, mradi daraja lao ni moja. Kwamba anayekesha anaonewa, wengi tunakubali. Ugomvi huanza pale unapouliza afanyiwe nini.

Mkoa wa Pwani ulijaribu jibu moja mwaka 2011. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ziliwekewa malengo ya huduma za mama na mtoto, na kila baada ya miezi sita waliofikia malengo wakalipwa motisha juu ya mshahara. Fedha zilitoka Norway. Mwaka 2015 mpango wa sura hiyo hiyo, uliojulikana kama RBF, yaani malipo kulingana na matokeo, ukaanzia Kishapu mkoani Shinyanga na kuenea hadi mikoa minane. Leo ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na swali limerudi kwa mlango mwingine: mfuko wa bima ukishakusanya michango yetu, uwalipe watoa huduma kwa kipimo gani?

Nimewakalisha meza moja watu wanne. Watu wenyewe ni wa kubuni. Hoja zao si za kubuni. Mchumi ni kijana aliyesomea uchumi wa afya na ana imani kubwa na hesabu. Mkunga ni mama mstaafu aliyefanya kazi zahanati za Rufiji. Mhakiki alikuwa akizunguka vituoni kukagua vitabu vya MTUHA, vinakoandikwa huduma zilizotolewa, kabla motisha haijalipwa. Mjumbe ni mama wa watoto wanne, mkulima wa korosho Mkuranga, na yumo kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chake. Mimi nimekaa pembeni, ingawa sikuahidi kunyamaza.

MCHUMI: Shikamoo mama. Naomba nianze na Pwani, maana watu hubishana kuhusu Pwani bila kuangalia kilichotokea. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walilinganisha wilaya za Pwani na wilaya za jirani zisizokuwa na mpango, vituo 150 kwa jumla. Hawakuishia vitabuni. Waliwafuata kina mama majumbani wakawauliza walijifungulia wapi. Waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa pointi 8 za asilimia kuliko huko kwa jirani. Wajawazito waliopata dozi mbili za SP za kukinga malaria waliongezeka kwa pointi 10. Kwa motisha ambayo hata ukifaulu kila kitu haizidi sana sehemu ya kumi ya mshahara, hayo si madogo.

MKUNGA: Marahaba, mwanangu. Namba zako sizikatai, nilikuwamo. Lakini ulipohesabu kina mama, ulihesabu na taa? Kabla ya mpango ule, mama akija leba usiku tulimwambia aje na glovu zake, wembe wake, mpira wa kulalia, na kama ana tochi, heri. Fedha zilipoingia, robo ilibaki kituoni na robo tatu tukagawana. Kwa ile robo tulinunua taa ya sola, tukanunua glovu. Sasa niambie wewe msomi: mama alikuja kwa sababu mfuko wangu umenona, au kwa sababu leba ina mwanga?

MCHUMI: Vyote viwili, mama. Ndiyo maana vilikwenda pamoja.

MKUNGA: Basi viachanishe tuone. Na hiyo motisha yenyewe ulivyoisema ni kama mvua, inanyeshea wote. Waeleze ilivyokatwa.

MCHUMI: Lengo la kituo liliwekwa kwa kuangalia kilivyofanya awamu iliyotangulia. Mkifikia lengo mnalipwa zote. Mkifikia kati ya asilimia 75 na 99 ya lengo, mnalipwa nusu.

MKUNGA: Malizia.

MCHUMI: Chini ya 75, hamlipwi kitu kwa lengo hilo.

MKUNGA: Haya. Masika yakaingia, mto ukajaa, wajawazito wa ng'ambo hawakuvuka. Wengine walizalia kwa wakunga wa jadi, wengine njiani. Sisi tulikuwa kituoni, macho yetu yapo njiani. Tukaambiwa hatukufika 75. Mto Rufiji haukuhudhuria semina yenu, mwanangu. Na wenzetu wa karibu na lami, wakilala wakiamka lengo limetimia.

Mkunga hapa hatii chumvi. Wachambuzi wa takwimu za Pwani waliona kwamba mwanzoni vituo vya maeneo yenye nafuu vilijikusanyia motisha zaidi kuliko vya maeneo maskini. Pengo lilipungua kadiri awamu zilivyoendelea, na Mchumi angenikumbusha hilo kama nisingelisema mwenyewe. Lakini mpango unaoanza kwa kumwongeza mwenye nacho una deni la kujieleza, hata kama baadaye unajirekebisha.

MHAKIKI: Mimi nina hoja nyingine, na sitaki mama anichukie. Mnajua patografu? Ni karatasi ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, unaweka nukta. Kila baada ya saa nne unapima njia imefunguka sentimita ngapi, unaweka alama. Mstari ukianza kulala upande wa hatari, unajua mama huyu anatakiwa hospitali sasa hivi, si kesho. Basi, nimeshika patografu ambayo mstari wake umenyooka kama umepigwa kwa rula. Wino mmoja, mwandiko mmoja, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Hakuna tone la damu, hakuna doa la maji, hata kona haikukunjika. Hiyo karatasi haikuingia leba. Imejazwa mezani, mtoto ameshazaliwa, pengine ameshanyonya.

MKUNGA: Nami nikuulize, mdogo wangu. Zahanati ina mkunga mmoja. Usiku una wajawazito wawili, mmoja anasukuma, wa pili anaita. Ulitaka nishike kalamu au nishike mtoto?

MHAKIKI: Mtoto.

MKUNGA: Ehe. Kalamu nimeishika baadaye. Wewe unasema nimedanganya.

MHAKIKI: Nasema hivyo, mama, unisamehe. Kwa sababu mapigo uliyoyaandika hukuyasikia. Ungeiacha karatasi tupu.

MKUNGA: Karatasi tupu hailipwi.

Jibu hilo la maneno matatu limenikaa kichwani kuliko takwimu zote. Namuunga mkono Mhakiki: nukta ya mapigo ya moyo yasiyosikika ni uongo, na uongo ndani ya leba unaweza kuua, kwa sababu kesho mtu ataisoma karatasi ile na kuamini kituo hakina shida. Ila angalia nani ameuzaa. Kabla ya motisha, patografu tupu ilikuwa taarifa. Mganga mkuu wa wilaya aliye makini angeisoma akaelewa: pale wameelemewa, waongezewe mtu. Motisha ilipoingia, karatasi ile ile ikageuka hasara ya fedha, na ni binadamu gani anaacha hasara ikae wazi mezani? Tulitaka kununua uangalizi, tukauziwa maandishi. Kujaza patografu baada ya kuzalisha kulikuwapo hata kabla ya mtu yeyote kulipwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna anayefaidika nako.

MCHUMI: Kwa hiyo tuache? Rwanda hawakuacha, walitengeneza vizuri zaidi. Walianza majaribio mapema miaka ya 2000, na mwaka 2006 wakapeleka nchi nzima. Kwao kila huduma ina bei yake, halafu jumla inazidishwa kwa alama ya ubora. Ukizalisha wengi lakini chumba kichafu na vitabu vimevurugika, alama inakula mapato yako. Na utafiti wao ni wa kuaminika kuliko wa Pwani, kwa sababu vituo vilivyokuwa vinasubiri zamu vilipewa fedha kiasi hicho hicho bila masharti. Waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa asilimia 23. Hapo taa na mfuko viliachanishwa, mama, kama ulivyoomba.

MKUNGA: Na wale wa kliniki, mahudhurio manne?

MCHUMI: Hao hawakuongezeka.

MKUNGA: Kwa nini?

MCHUMI: Nadhani bei. Kumzalisha mama kulilipwa dola 4.59. Mama kukamilisha mahudhurio manne kulilipwa senti 37 za dola. Watu waliweka bidii palipolipa.

MJUMBE: Yaani nikiwa na mimba ya miezi mitano, mimi ni wa senti thelathini na saba?

Mchumi alikuwa na jibu la kitaalamu, kwamba mahudhurio manne yanamtegemea mama zaidi kuliko mkunga: nauli, mume, shamba. Ni kweli. Lakini ukiisikiliza hoja hiyo vizuri, ni ile ile ya Mkunga kuhusu mto. Malipo yanasukuma kile ambacho mlipwaji anakimudu, na hayana nguvu juu ya kile asichokimudu. Niishike hoja hiyo, nitairudia.

Rwanda ni ushahidi mzito na sitaki kuupunguza. Hata hivyo si nchi pekee. Huko Haut-Katanga, kwa wenzetu Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, jaribio la namna hii liliwafanya wahudumu wajitume zaidi, wapunguze bei, watoke kwenda kuwatafuta wagonjwa. Wagonjwa hawakuongezeka, na mapato ya vituo yakashuka, katika nchi ambako mhudumu anaishi kwa ada za mgonjwa. Nchini Kamerun, jaribio lililosimamiwa na Benki ya Dunia lilivigawa vituo makundi: vingine vilipewa fedha kwa masharti ya ufanisi, vingine fedha zile zile bila masharti. Kwa sehemu kubwa ya huduma, makundi hayo mawili yalisogea karibu sawa. Yaani mara nyingi kilichofanya kazi ni fedha kufika zahanati, na mtu wa juu kupita kuangalia.

MCHUMI: "Mara nyingi" si "siku zote," mzee.

Sawa. Nimekubali.

MJUMBE: Mimi niwaulize kitu. Mmeongea muda wote huu, na hakuna aliyeniuliza mimi ninaita nini huduma nzuri. Nimezaa mara nne. Huduma nzuri ni kutotukanwa ukiwa uchungu. Ni nesi kukwambia anachotaka kukufanya kabla hajakufanya. Ni dirisha la dawa kutokuandika "hakuna" kila siku ya Mungu, kisha dawa ile ile ukaikute duka la ng'ambo ya barabara. Hayo yamo kwenye orodha yenu?

MCHUMI: Hayamo yote, dada. Lakini sikia: Pwani kina mama walisema wahudumu wamekuwa wapole zaidi wakati wa kujifungua, na waliotozwa fedha walipungua. Hakuna aliyelipwa kwa ajili ya upole! Ulikuja wenyewe, kwa sababu kituo kilihitaji kina mama warudi.

MJUMBE: Upole wa kutafuta wateja naujua, uko hata sokoni. Sasa nimeshazaa, nimeshahesabiwa. Nikirudi na mume wangu ana kidonda cha mguu, na kidonda hakimo kwenye orodha?

Uingereza wana jibu la swali la Mjumbe, na si zuri. Mwaka 2004 madaktari wa familia kule walianza kupata karibu robo ya kipato chao kwa kutimiza vigezo vya ubora, zaidi ya mia moja. Karibu wote walitimiza karibu vyote, mapema kuliko serikali ilivyobajeti. Matibabu ya kisukari na pumu yakaongeza kasi ya kuwa bora kwa muda, kisha kasi ikapoa. Wakati huo huo, vipengele vya matibabu visivyolipiwa vilianza kudorora kwa baadhi ya magonjwa, na wagonjwa wakaona shida zaidi kumpata daktari wao yule yule waliyemzoea. Scotland iliufuta mpango huo mwaka 2016. Ikiwa hayo yalitokea kwa madaktari wenye mishahara minono na kompyuta kila meza, sioni kwa nini zahanati yenye mkunga mmoja iepuke.

MHAKIKI: Basi mnaniondolea kazi.

MKUNGA: Hapana, wewe ndiye tunayekutaka, ila uje bila kikokotoo. Nikwambie kilichobadilika zaidi enzi zile. Si motisha yangu, ambayo ilichelewa hadi tukasahau ni ya miezi ipi. Ni mabosi wa wilaya. Zamani wakija, wanasaini kitabu cha wageni, wanakunywa maji, wanaondoka. Mpango ulipoanza, wakawa wanaingia hadi stoo: oksitosini imebaki ngapi? Mbona SP zimekwisha? Mlituma lini maombi Bohari ya Dawa? Kwa sababu na wao walikuwa na motisha yao, inategemea sisi tumefanyaje.

MCHUMI: Mama! Si unaona? Motisha ilifanya kazi!

MKUNGA: Ilifanya kazi kwao. Basi walipeni wao.

Kicheko kilipopoa, nikaona kwamba mama mstaafu amesema jambo ambalo ripoti nyingi hulizunguka. Ni kweli kwamba timu za afya za wilaya na mkoa zilikuwa na motisha zao Pwani, na ni kweli kwamba ziara za usimamizi ziliongezeka na upungufu wa dawa ukapungua. Tazama sasa nani ana mamlaka juu ya nini. Mkunga hana mamlaka juu ya mto, wala stoo ya Bohari, wala ikama ya watumishi. Anachokimudu ni mikono yake, kauli yake na uaminifu wake, na hivyo ndivyo vitu vigumu kuliko vyote kuvihesabu bila kuviharibu. Kwa upande wa pili, dawa kuwapo au kutokuwapo, zahanati kuwa na wakunga wawili badala ya mmoja, posho ya kuitwa kazini usiku kulipwa kwa wakati: hayo yanahesabika kirahisi, na yako mikononi mwa watu wa ofisini ambao mishahara yao haijawahi kuguswa na upungufu wa glovu hata siku moja. Tumefunga kamba kwenye mguu usiohusika.

MHAKIKI: Na hao wa ofisini hawatapika takwimu? Nawajua.

MJUMBE: Wapike. Dirisha la dawa nalipita kila wiki, na silipwi posho. Wakisema dawa zipo, nitawaambia kamati nzima hazipo.

MCHUMI: Bado mnaacha swali langu. Mkunga mvivu mnamfanya nini?

MKUNGA: Mvivu yupo, sikatai. Nimefanya naye kazi.

Arusha kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu hauna makuu. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwaangalia madaktari na matabibu wakiwahudumia wagonjwa. Waligundua kwanza kwamba wengi wanajua zaidi ya wanavyofanya: ukiwauliza maswali wanajibu vizuri, ukikaa nao chumbani wanaruka hatua. Pili, siku mtafiti anapoingia, huduma inapanda ghafla, na baada ya wagonjwa kadhaa, wakishamzoea, inashuka ilikotoka. Baadaye waliona kwamba mtaalamu mwenzao akiwatembelea, akawapima na kuwatia moyo, wengi wao huboresha huduma bila kulipwa kwa ajili ya hilo. Kwa mvivu wa Mchumi, mimi ningeanzia hapo: aje mtu anayejua ukunga, akae naye leba usiku mmoja, arudi mwezi unaofuata, kisha arudi tena. Asipobadilika, zipo taratibu za nidhamu za utumishi wa umma. Sehemu ya kumi ya mshahara, ikifika imechelewa, haimgeuzi.

Watetezi wa motisha wana hoja moja ambayo sijaweza kuiangusha, nayo ni kwamba mbadala wake si utakatifu. Kulipa mshahara tu kumetuletea zahanati tunazozijua; serikali ilipozipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya msingi mwaka 2015/16, kama theluthi moja hazikupata hata moja. Kulipa kwa kila huduma, kama bima ilivyozoea kuzilipa hospitali, nako kunamzawadia anayeagiza vipimo vingi, na tuliona Machi 2024 hospitali binafsi zikisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa ugomvi wa kitita kipya cha bei. Hakuna namna ya kumlipa daktari isiyomvuta upande fulani. RBF yenyewe ilionyesha kujifunza: kinyume cha Pwani ya mwanzo, robo ndiyo iliyokwenda kwa wahudumu na robo tatu zikabaki kituoni. Na tangu mwaka 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati. Kwa maoni yangu hilo la pili limesaidia zahanati kuliko motisha yoyote, na limeandikwa magazetini mara chache mno.

MCHUMI: Hukumu yako ni ipi, basi? Umesema utakaa pembeni, umeongea kuliko sisi.

Hukumu yangu ni hii. Mkunga alipwe mshahara unaomtosha na posho yake ya usiku ifike mwezi huo huo. Asilipwe kwa nukta za patografu. Kituo kipewe fedha zake bila mtego wa asilimia 75. Kama ni lazima kipato cha mtu kifungwe na ubora, kianze kufungwa cha wakubwa wa wilaya na mkoa, kwa dawa zilizopo dirishani na idadi ya wakunga walioko zamu, na shahidi awe mgonjwa aliyeulizwa nyumbani kwake, mbali na kituo. Mchumi hakubaliani na sehemu ya pili. Mhakiki anaogopa ya tatu. Mkunga anasema ya kwanza peke yake ingetosha.

Mikataba ya kuzilipa zahanati chini ya Bima ya Afya kwa Wote itatuhusu sote tutakaochangia. Msomaji, zahanati ya kijiji au mtaa wako ina kamati, na kamati ina wajumbe unaowafahamu kwa sura. Kabla ya kikao kijacho, mtafute mmoja wao umwombe aulize mambo mawili: fedha zilizoingia akaunti ya zahanati robo hii ni kiasi gani, na usiku wa jana leba kulikuwa na wakunga wangapi.